Jiwe la Kusagia la Mama Furaha

Marafiki zangu, mmeniuliza mara nyingi safari ya Buffalo ilikuwaje, na kila mara nimewajibu kwamba kulikuwa na baridi. Baridi ilikuwepo, sikuwadanganya. Lakini baridi haimfanyi mtu arudi safarini akazima simu wiki nzima, na nyinyi si watoto. Kwa hiyo nawaandikia nyinyi mlio Kitui na Nairobi, tuliobeba nyundo pamoja kwenye vilima vya Machakos, kwa sababu hapa Louisville hakuna ninayeweza kumweleza. Mkisoma mtaona kwa nini.

Mnajua nilichokuja kusoma, ila kwa ajili ya Musau, aliyeiacha jiolojia akaenda kuuza bima, narudia kwa ufupi. Mabara hayakukaa hivi siku zote. Miaka kama bilioni moja iliyopita yaligongana, na pale yaliposhonana ikainuka milima mirefu. Baadaye yakaachana, bahari ikaingia katikati, milima ikalika kwa mvua na upepo hadi ikabaki mizizi tu. Mzizi mmoja unatokeza Kanada, kisha unapita chini ya jimbo la Ohio ukiwa umefunikwa na miamba michanga. Huo tunauita ukanda wa Grenville. Mwingine wa umri unaokaribiana uko kwetu Afrika, unapita Burundi na Kivu, nao ni ukanda wa Kibara. Mimi nilitaka kujua kama ni mizizi ya kugongana kulekule. Wapo mabingwa wanaokubali na wapo wanaobisha, nami nilikuwa na hamu kubwa ya kuwa na neno langu katika ubishi huo.

Mawe ya Ohio ningeyaona Columbus, kwenye ghala. Ya Kanada ningeyaona Buffalo, ambako barafu ya kale iliyasukuma ikayaacha hadi kwenye bustani za watu. Ya Kivu sikuwa nayo hata changarawe. Huko juu milimani watu wanakimbia risasi, na hakuna profesa wa kumtuma mwanafunzi huko akaokote mawe.

Louisville, mtaa wa Iroquois

Mapumziko ya Machi mwaka huu wa 2015 yalipokaribia, nilisimama kanisani nikaomba niombewe safari. Nasali na Wakongo kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini, kwa sababu ibada yao ni ya Kiswahili na baada ya ibada kuna chakula. Nilisahau kwamba msafiri akishajitangaza, watu huanza kumfikiria kama mkokoteni. Jumapili hiyohiyo Mama Furaha alinishika mkono akaniambia nipite kwake.

Mama Furaha ni mama wa kwaya, mwembamba, anafungasha vifurushi kwenye bohari moja huku kusini mwa mji, na ndiye anayetulisha sisi wanafunzi tusio na jamaa. Alinipakulia sombe, kisamvu cha Wakongo, na fufu, ugali wao wa muhogo. Nilipomaliza kula, akatoa chumbani kitu kilichofungwa kwa kitenge, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Bon, Kioko, mutoto wangu," akasema. "Hii ni jiwe ya kusagia, ile ya mukono. Kwetu mu famille, mu jamaa yetu, mutoto mwanamuke akitoka kwa mama yake, mama anamupatia jiwe. Furaha alitoka bila jiwe. Utamupatia mu mikono yake, na umwambie mama amesema hukukimbia, uliolewa."

Habari ya Furaha niliijua juujuu, kama kila mtu kanisani. Alikwenda Buffalo kutafuta kazi, akakutana na kijana Mrundi aitwaye Désiré, wakafunga ndoa bila wazee wa pande mbili kukaa. Mama yake alipata habari kwa simu, akaikata hiyo simu, na tangu hapo ni miaka miwili hawajasemezana. Sasa alikuwa amesikia kwa watu kwamba Furaha ana mimba kubwa. Alitaka maneno yaishe kabla mtoto hajazaliwa. Alinieleza hayo yote polepole, na mara mbili alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Nami niliyasikia yote, lakini macho yangu yalikuwa kwenye jiwe. Lilikuwa la kijivu, refu kama mkate wa boflo, lenye michirizi ya waridi iliyojikunja, na ndani ya mikunjo kulikuwa na vitone vyekundu vya madini ya ganeti. Mwamba wa namna hiyo hupikwa chini sana, kwenye mizizi ya milima. Pande zake zilikuwa zimelainika, nikaona mikono ya bibi na mama wa bibi ikisaga mtama kizazi baada ya kizazi. Nikajiambia: Kivu imenijia mezani. Nilimwahidi Mama Furaha kwamba ningelifikisha, na alipoanza kuniombea nilifumba macho huku nikiwaza ni jinsi gani ningelipata jua zuri la kulipiga picha.

Basi la kwenda Columbus

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Waliosema hivyo hawakupanda basi na mimi. Begi langu lilikuwa na jiwe la Mama Furaha, nyundo yangu, na vipande vya mwamba wa kwetu Kitui ninavyotembea navyo kama mtu anavyotembea na picha ya mamake. Dereva alipolinyanyua alitoa sauti ya kuumia, akaniuliza kama nimebeba mawe. Nikamjibu ndiyo, nimebeba mawe. Akadhani namdhihaki. Aliniweka pembeni hadi abiria wote walipoingia, kisha akanifungulisha begi mbele ya watu. Alipoona ni mawe kweli hakuomba radhi, alinitazama tu kama anayemhurumia mgonjwa.

Kwa sababu hiyo nilipata kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo, kando ya mama mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa anakwenda kwa dada yake Cincinnati. Alikuwa na kuku wa kukaanga ndani ya karatasi ya fedha, na hakuninyima, alinikatia paja. Nilipomwonyesha jiwe akalishika vizuri, akauliza la nani. Nikamweleza kuhusu mabara, milima na bahari iliyoingia katikati, nikapiga domo kutoka Louisville hadi tulipouvuka mto Ohio. Mama wa watu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudia swali lake kwa upole, kwa sababu sikuwa nimelijibu. Nikasema ni la mwanamke mmoja anayempelekea bintiye. Akaitikia kwa kichwa, akalirudisha ndani ya kitenge, akakifunga mwenyewe.

Cincinnati basi letu liliharibika mlango, ukawa haufungi, na hakuna basi linaloruhusiwa kwenda mlango wazi katika baridi ile. Tulikaa kwenye ukumbi wa kituo tukila biskuti za mashine hadi waliponunua subira yetu kwa kahawa ya bure. Watu walinuna. Mimi sikununa. Nilikuwa nimelitoa tena jiwe, nalisoma kwa lenzi, na moyo unanidunda kama wa mwizi aliyeona dirisha wazi. Wakati ule sikujiona hivyo. Nilijiona mwanasayansi.

Columbus, kwenye ghala la mawe

Columbus nilifikia kwa Otieno, Mkenya anayesomea uhasibu. Alinipeleka kwa Wasomali tukanywa chai ya maziwa na sambusa za moto, akaniuliza mzigo wa nani, nami nikamwambia hadithi ya Mama Furaha na bintiye jinsi nilivyoambiwa. Otieno ni mcheshi lakini alisikiliza kwa makini. Alisema hiyo kazi ya ujumbe si mchezo, kwao mjumbe wa mambo ya ndoa huchaguliwa.

Kesho yake nilikwenda kwenye ghala, nje kidogo ya mji. Humo wamehifadhi sampuli ndefu za mwamba zilizotolewa na mashine za kutoboa visima, masanduku kwa masanduku hadi kwenye dari. Mtunzaji wake ni mzee mmoja mpole, nitamwita Russ. Alinishushia sanduku la mwamba uliotoka chini kabisa ya Ohio, chini ya chokaa na mchanga wote, mwamba ambao hakuna jua lililougusa tangu milima ile ilipolika. Nililowesha kidole nikaupangusa. Ulikuwa wa kijivu, wenye michirizi ya waridi iliyojikunja, na vitone vyekundu.

Nikalitoa jiwe la Mama Furaha nikaliweka kando yake. Nyinyi mnajua tabia yetu, tunalamba mawe ili rangi zitoke. Nililamba jiwe la kusagia la watu. Yakafanana kama ndugu wa tumbo moja. Russ naye alikuja kutazama, akapiga mluzi mdogo. Ila uso wa nje wa jiwe huwa umechoka, hauonyeshi vizuri mikunjo wala punje, na mtu wa kazi yetu hapati amani mpaka auone uso mpya. Msumeno wa mawe ulikuwa palepale, nyuma ya mlango.

Nilijipa sababu. Kipande chembamba tu, kutoka ncha moja. Jiwe litabaki jiwe. Nani anasaga mtama Buffalo? Tena ni kwa faida ya Kivu yenyewe, dunia ijue. Niliposimama mbele ya mashine, Russ aliniuliza kama jiwe ni langu, kwa sababu hakati mawe ya watu.

Nikasema ni langu.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda dirishani, nikarudi. Sikulazimishwa na mtu. Sikutetemeka wala sikuangalia chini. Niliisema kama mtu anavyotaja jina la mtaa wake.

Msumeno ulikwenda na maji yake, ukatoa tope la kijivu, na kipande kikaanguka, kinene kama kidole changu kidogo. Uso ule mpya ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mikunjo ilionekana yote, sawa na ya Ohio, na mimi nilicheka peke yangu mle ghalani. Nilimwandikia profesa wangu barua pepe nikiwa bado na maji mikononi. Nilimwambia nimeweka Kivu na Ohio meza moja na hakuna bahari kati yake.

Otieno alilishika jiwe jioni hiyo, akapitisha kiganja kwenye ncha iliyokatwa.

"Si ulisema hii ni ya kupelekea mtu?" aliniuliza.

Nikamwambia nimetoa kipande kidogo tu, hata hakionekani.

"Boss, wewe ukiletewa keki ya harusi yako imeshakatwa, utasema haionekani?"

Nilimjibu kwamba hajui sayansi. Akaenda kusonga ugali. Tulikula tukiangalia mpira.

Buffalo, ukweni

Kuanzia Cleveland theluji ilikuwa ya kutoka ziwani, inaanguka kwa ubavu, na basi lilikwenda kwa mwendo wa msiba. Tulifika tumechelewa sana. Désiré alikuwa amenisubiri kituoni muda wote huo, amebeba koti la pili mkononi kwa sababu alijua wageni wa kutoka Louisville huja na majaketi ya bure. Alinivisha mwenyewe. "Karibu sana, shemeji," akasema, na akanipokonya begi nisilibebe.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilikuwa nimeingia wapi. Sikuwa mgeni wa kulala kwenye kochi. Nilikuwa mtu wa kwanza kufika kutoka kwa mama mkwe. Wanaishi West Side, juu, katika nyumba ya mbao ya zamani ambayo ngazi zake hulia kila hatua. Walikuwa wamealika mzee wao wa kanisa na mkewe wawe mashahidi. Kiti kimoja kilikuwa na kitambaa cheupe, na mimi ndiye niliyekalishwa hapo. Kulikuwa na mbuzi, wali, ndizi, na soda ya machungwa iliyofunguliwa mbele yangu. Furaha alikuwa mwenye tumbo la siku za mwisho, anatembea kwa kushika kuta, lakini hakukubali kukaa kabla sijakaa.

Niliwapa maneno ya mama kwanza, kama nilivyoagizwa: hukukimbia, uliolewa. Désiré aliinamisha kichwa. Mke wa mzee akasema Mungu asifiwe. Furaha machozi yalikuwa yanamshuka tu. Kisha nikatoa kitenge. Akakijua. Alipiga goti moja, na tumbo lile, akapokea kwa mikono miwili.

Alifungua polepole. Mkono wake wa kulia ulikwenda moja kwa moja mahali unapokwenda mkono wa msagaji, kiganja kikaelekea kwenye ncha, na kikakuta hakuna ncha. Aligeuza jiwe. Alipitisha kidole gumba juu ya uso ule uliokatwa, ulionyooka kabisa, ambao mimi nilikuwa nimeuchekea ghalani.

"Mama amenitumia nusu," akasema.

Nilijikohoza nikarudia maneno ya mama, kana kwamba hayakusikika vizuri mara ya kwanza.

"Nimesikia, kaka," akasema. "Maneno iko nzima, jiwe iko nusu. Sasa nishike gani?"

Ilikuwa nafasi yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, kipande chenyewe kiko mfukoni mwa begi, umbali wa mkono. Watu husema walitamani ardhi ipasuke iwameze. Mimi nimeisomea ardhi, najua haipasuki kwa ajili ya mtu. Nilichukua kijiko nikala. Nilikula mbuzi wa watu nikiwa nimenyamaza, mzee akajaribu kuokoa mambo kwa kuuliza habari za hali ya hewa ya Louisville, nami nikamjibu kwa kirefu. Kabla hatujamaliza, simu ya Furaha ililia. Alikuwa mama yake. Aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza, kisha akaifunika kwa kitambaa cha meza na kuanza kutoa vyombo.

Bailey, mbele ya nyumba ya mtu

Desturi ni kumtembeza shemeji, kwa hiyo asubuhi Désiré alikataa usingizi wake baada ya zamu ya usiku, akanipeleka kuona mawe. Alikuwa amewahi kupanga upande wa Kensington-Bailey, akakumbuka jiwe kubwa kwenye ua wa jirani. Tulikwenda kwa basi la jiji. Jiwe lilikuwepo, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na mwenye nyumba alilizungushia taa za Krismasi ambazo hajazitoa hadi Machi. Désiré alivua glavu akaanza kulifuta theluji kwa mikono mitupu ili nilione vizuri.

Lilikuwa la kijivu, lenye michirizi ya waridi. Lilitoka Kanada kwa mgongo wa barafu. Kwa mara ya kwanza tangu niijue kazi hii, sikutaka kuliangalia jiwe.

Yeye aliendelea kufuta. Kisha, bila kunitazama, akasema alikuwa na jambo. Alisema anajua alikosea kumwoa mtoto wa watu bila kutuma wazee. Hakuwa na wazee wa kutuma, wote walibaki makambini, lakini hilo si udhuru, angeomba hata wazee wa kanisa. Alikuwa tayari kwenda Louisville akapige magoti.

"Niambie ukweli, shemeji," akasema. "Nusu aliyoizuia mama, aliizuia kwa sababu yangu?"

Nikamwambia pale pale, kando ya taa za Krismasi za mtu nisiyemjua. Nilimwambia mama alilituma zima, nilikata mimi, na kwamba nilipoulizwa jiwe ni la nani nilisema ni langu. Maneno yalitoka vibaya, nikachanganya na habari za Kibara na Grenville, nikasikia mwenyewe jinsi yalivyokuwa upuuzi.

Désiré alivaa glavu zake. Ni mtu mpole, na upole wake ulinichoma zaidi ya kofi. "Hayo utamwambia mwenyewe," akasema. "Mimi ya kwangu yananitosha." Njia nzima ya kurudi alikaa kiti cha mbele yangu, lakini tuliposhuka alinishika kiwiko nisiteleze kwenye barafu.

West Side, simu

Furaha alinisikiliza amekaa kitandani, miguu imevimba, jiwe liko sakafuni chini ya dirisha. Nilimwekea kipande mkononi. Alikifikisha kwenye jiwe, kikakaa mahali pake, isipokuwa ule upana wa meno ya msumeno ambao haurudi tena.

"Mama aliituma nzima?"

"Zima kabisa."

Alipumua kama mtu aliyetuliwa mtungi. Baadaye ndipo akauliza kwa nini nilikata. Nikajaribu kumweleza kwamba nilikuwa nalinganisha mawe ya kwao na mawe ya huku, kama yalizaliwa katika milima ileile. Kitu kama kicheko kikampita usoni.

"Kaka, hii jiwe si ya kwetu," akasema. "Ile ya kwetu ilibaki kule siku tulikimbia. Hii mama aliokota Louisville, ku mto."

Alinieleza. Tangu walipofika Amerika, kila kiangazi baada ya kanisa mama yake alishuka kwenye ukingo wa mto Ohio kutafuta jiwe linalofanana na la bibi yake. Furaha na wadogo zake ndio waliokuwa wakibeba yaliyokataliwa kuyarudisha majini. Walimcheka sana. Hakuacha. Alikuwa na binti, na binti ataolewa, na jiwe litatakiwa.

Ule ulaini niliodhani ni wa mikono ya wanawake wa Kivu ulikuwa wa maji ya mto. Ile barafu iliyoleta jiwe la Bailey ndiyo iliyosukuma na hili, mto ukalipokea ukalishusha hadi Louisville. Nilikuwa nimelinganisha jiwe la Amerika na jiwe la Amerika, nikashangaa kwamba yanafanana, nikamwandikia profesa. Na siku ile mezani, Mama Furaha hakunificha chochote. Sikumuuliza. Kumuuliza kungechukua muda mfupi kuliko kumeza tonge.

Furaha aliomba simu yake. Désiré akamletea, akasimama mlangoni. Nilitaka kutoka, Furaha akaniashiria nikae. Upande wa pili ililia mara moja tu, mama yake alikuwa ameikalia.

"Mama," Furaha akasema. "Jiwe imefika."

Sauti ya Mama Furaha tuliisikia sote. "Imefika muzuri?"

Furaha alinitazama. Nilifungua mdomo, na nawaapia nilikuwa tayari kusema. Alinyanyua kiganja akanizuia.

"Imefika muzuri, mama. Iko nzima."

Wakalia wote wawili, mmoja Louisville na mwingine Buffalo. Miaka miwili hawakusemezana, na maneno ya kwanza aliyompa mama yake yalikuwa uongo, tena kwa ajili yangu. Alipokata simu nilimwambia ningekwenda kumweleza mama mwenyewe, uso kwa uso, ndiyo ingekuwa haki. Alikataa. Alisema mama yake ni mzee, na leo ndipo atapata usingizi. "Ukimwambia, mimi njo nitakuwa mwongo," akasema. "Hiyo utabeba wewe."

Kurudi

Kutoka Buffalo nilirudi moja kwa moja, sikushuka Columbus. Nilimwandikia profesa nikiwa ndani ya basi kwamba jiwe si la Kivu na ile barua aifute. Alinijibu kwa mstari mmoja, akiniuliza nilijuaje mwanzoni kwamba lilikuwa la Kivu. Bado sijamjibu.

Mama Furaha alinipokea kwa sombe na samaki, akasimama kanisani akashuhudia kwamba katika nchi hii ya watu wanaokimbizana bado kuna kijana kama Kioko, unayeweza kumpa amana ikafika. Watu walipiga makofi. Sasa kila mwenye jamaa Columbus, Buffalo au popote ananitafuta nimbebee kitu. Nakataa, wanasema ni mnyenyekevu.

Jumamosi iliyopita Furaha alinipigia. Amejifungua mtoto wa kiume, wote wazima. Nilimpa hongera, nikauliza jina. Nikamsikia mtoto akilia pembeni.

"Mama amesema aitwe Kioko," akasema.

Nilimwambia hilo haliwezekani, kwamba kwao hakuna mtu aliyewahi kuitwa Kioko, kwamba atafute namna ya kumkatalia mama. Aliniuliza namna gani. Alikuwa amekwisha kumjibu ndiyo, kwa sababu jibu lingine lingetaka maelezo.

Niliomba msamaha, kwa mara ya ngapi sijui. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Bon, kaka," akasema. "Ile jina uichunge. Sasa iko ya mutoto wangu."